Usafi wa moyo si ukuta wa kujificha

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Siku hizi hakuna hata anayejaribu kuyaficha. Yanapigwa picha, yanarushwa kwenye simu, na thamani yake inapimwa kwa idadi ya watu walioyatazama. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho vijana wengi Wakristo bado wanakificha kama mtu anavyoficha kidonda. Wanataka kupenda na kupendwa kwa namna inayompendeza Mungu, lakini hawajui waanzie wapi. Wakisema hadharani, wanachekwa. Wakinyamaza, wanabebwa na mkondo.

Mpendwa msomaji, leo naomba tulitazame jambo hili kwa kupitia filamu. Najua wapo watakaouliza, padre na filamu za mapenzi wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Vijana wetu wanafundishwa mapenzi na filamu kwa saa nyingi kuliko wanavyofundishwa na katekista. Mchungaji asiyejua kondoo wake wanakula majani gani asishangae wakivimbiwa.

Filamu yenyewe inaitwa Old Fashioned, jina ambalo kwa lugha yetu tungeweza kusema ni Mtindo wa Kizamani. Iliandikwa na kuongozwa na Mmarekani Rik Swartzwelder, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Ilitoka Marekani Februari 2015, katika msimu wa Siku ya Valentino, na wakati huo haukuchaguliwa kwa bahati. Msimu huo huo ilikuwa inatoka filamu nyingine iliyosubiriwa na dunia nzima, Fifty Shades of Grey, ambamo tajiri kijana anamletea msichana mkataba wa kumtawala na kumuumiza mwili, na yote hayo yanaitwa mapenzi. Wasomaji wa Kenya wataikumbuka hiyo ya pili, kwa sababu bodi ya kuainisha filamu nchini humo iliipiga marufuku.

Sokoni hapakuwa na mashindano. Fifty Shades of Grey ilikusanya zaidi ya dola milioni 500 duniani kote. Old Fashioned haikufikisha hata dola milioni 2 katika kumbi za sinema. Kama ukweli ungepimwa kwa mizani ya tiketi, makanisa yangefungwa zamani. Lakini si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Miaka imepita, marufuku imesahaulika, na simu iliyo mfukoni mwa mwanao inaweza kufungua filamu zote mbili. Bodi ya filamu haiwezi kukaa kwenye simu ya kila kijana. Kinachoweza kukaa humo ni dhamiri iliyofundishwa.

Sasa tuisikilize hadithi. Clay Walsh ni mwanamume mwenye duka la vitu vya kale katika mji mdogo wa chuo huko Ohio. Zamani alipokuwa mwanafunzi aliishi maisha ya starehe na ulevi, akawatumia wasichana, na hata akashiriki kutengeneza video za kuwadhalilisha. Kisha akamgeukia Mungu, na kwa kuyaogopa yale ya jana akajitungia kanuni kali. Kanuni kubwa ni hii: hatakaa peke yake na mwanamke yeyote asiye mke wake. Siku moja anafika Amber Hewson, msichana anayehamahama na gari lake na kutua popote mafuta yanapomwishia. Anapanga chumba cha juu ya duka la Clay. Jiko lake linapoharibika, Clay anakuja kulitengeneza, lakini kwanza Amber lazima atoke nje asubiri huko mpaka fundi amalize. Amber anacheka, anashangaa, kisha anavutiwa. Anafikia hatua ya kuharibu vitu kwa makusudi ili mwenye nyumba aje kuvitengeneza.

Baadaye wawili hawa wanaanza uchumba wa aina yake. Badala ya kukutana gizani, wanakutana na kitabu cha maandalizi ya ndoa mkononi, wakiulizana maswali ambayo wachumba wengi huyaogopa. Utatumiaje fedha? Utawaleaje watoto? Ukikasirika unakuwaje? Pembeni wapo marafiki wa zamani wa Clay, mmoja wao mtangazaji wa redio anayejipatia jina kwa kuwadharau wanawake, na yupo shangazi mzee mwenye busara, Zella. Nitarudi kwa shangazi huyu, maana kwangu mimi ndiye mhubiri mkuu wa filamu hii.

Tuanze na lililo jema. Filamu hii inathubutu kusema kwamba mapenzi yanahitaji muda. Penzi la siku hizi linapikwa kama chakula cha dukani: fungua, mimina maji moto, kula. Watu wanafahamiana Jumatatu, Ijumaa wanaitana mke na mume, na Jumatatu ya pili wamezuiana kwenye simu. Biblia inatupa picha nyingine. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na Maandiko yanatuambia kwamba kwa vile alivyompenda, miaka hiyo aliiona kama siku chache tu (Mwa 29:20). Wimbo Ulio Bora, kitabu kinachosifu mapenzi kuliko vitabu vyote vya Biblia, unaonya mara tatu kwamba mapenzi yasiamshwe kabla ya wakati wake (Wim 2:7, 3:5, 8:4). Anayesifu moto ndiye huyo huyo anayeonya usiwashwe juu ya paa la nyasi.

Miezi mitatu baada ya filamu kutoka, tarehe 27 Mei 2015, Papa Fransisko aliwafundisha mahujaji kuhusu uchumba. Alieleza kwamba agano la mwanamume na mwanamke la maisha yote halipatikani kwa siku moja, na kwamba hakuna ndoa ya haraka haraka. Aliwashauri wachumba wasome riwaya ya Mwitaliano Alessandro Manzoni, I Promessi Sposi, inayohusu wachumba wawili, Renzo na Lucia, wanaopita katika mateso mengi kabla ya kufunga ndoa. Papa hakuona aibu kutuma vijana kwenye hadithi ya mapenzi. Hadithi njema ni katekesi isiyovaa joho.

Jema la pili ni yale maswali ya kitabuni. Katika semina za wachumba nimewaona watu waliojuana miili miaka mitatu wakishangaa kusikia kwamba mwenzake hataki watoto zaidi ya mmoja, au kwamba kuna mkopo mkubwa ambao hakuwahi kuutaja. Miili ilikuwa imefika mbali, maneno yalikuwa bado yako kituoni. Tendo la ndoa kabla ya ndoa lina hila hii: linawapa watu hisia ya kufahamiana hata kama hawajafahamiana. Linafunga mdomo kabla maswali hayajaulizwa. Anayesubiri anaacha nafasi, na katika nafasi hiyo mazungumzo yanaweza kukua.

Lakini naomba tusiishie kwenye pongezi. Wako Wakristo wanaoitazama filamu hii na kuondoka wakisema, "Hivyo ndivyo kijana anavyopaswa kuwa, awe kama Clay." Nasema, subirini. Filamu yenyewe haisemi hivyo. Ukiitazama kwa makini, utaona kwamba Clay wa mwanzo ni mgonjwa anayejifanya daktari. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kanuni zake hazikuzaliwa na upendo kwa Amber. Zilizaliwa na hofu juu ya nafsi yake. Amber anaposimama nje ya mlango wake mwenyewe, hakuwekwa pale kwa sababu anaheshimiwa. Amewekwa pale kwa sababu anaogopwa.

Hapo ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Kuna usafi wa hofu na kuna usafi wa upendo. Kwa mbali vinafanana kama ugali na unga uliolowa. Ukionja, utajua kipi kimepikwa. Usafi wa hofu unamwona mtu mwingine kama shimo la kutumbukia. Usafi wa upendo unamwona kama patakatifu pa kuingia kwa heshima. Usafi wa hofu unauliza, "Nifanyeje nisichafuke?" Usafi wa upendo unauliza, "Nifanyeje nisimwumize?" Wa kwanza unajitazama wenyewe kwenye kioo. Wa pili unamtazama ndugu yake usoni.

Kanuni ya Clay haikuanzia kwake. Mwaka 1948, katika mji wa Modesto, California, mhubiri maarufu Billy Graham na wenzake walikubaliana mambo kadhaa ya kulinda huduma yao, na mojawapo lilikuwa kutokaa peke yao na mwanamke asiye mke wao. Sibezi makubaliano hayo. Wahubiri wengi wameanguka kwa kukosa tahadhari, na sisi mapadre tunajua faida ya mlango wa ofisi ulio wazi. Busara ni fadhila. Kitu kinachoanza kama busara kinaweza, hata hivyo, kugeuka kuwa dharau, pale mwanamke anapohesabiwa kwanza kuwa kishawishi na baadaye ndipo awe mtu.

Mtazame Yesu pale kisimani, katika sura ya nne ya Injili ya Yohane. Ni saa sita mchana, wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula, na Yesu yuko na mwanamke Msamaria ambaye amekuwa na waume watano, na aliye naye sasa si mume wake. Wanafunzi waliporudi walistaajabu kumkuta akizungumza na mwanamke (Yn 4:27). Yesu hakumwambia asimame mbali. Alimwomba maji. Alizungumza naye kuhusu maisha yake bila kumkwepa na bila kumtamani, na mwanamke yule akaacha mtungi wake akaenda kuwaita watu wa mjini. Huo ndio usafi uliokomaa. Hauhitaji kumfukuza mtu ili ubaki safi.

Ili tuelewe kwa nini filamu hii ilikuja wakati ule, yatupasa kujua kilichotangulia huko Marekani. Mwaka 1993, Wabaptisti wa Kusini walianzisha kampeni ya vijana kuahidi kusubiri mpaka ndoa. Julai 1994, zaidi ya kadi 200,000 zenye ahadi hizo zilichomekwa kwenye nyasi za uwanja mkubwa wa Washington. Mwaka 1997, kijana Joshua Harris alitoa kitabu I Kissed Dating Goodbye, kilichowashauri vijana kuachana kabisa na mahusiano ya kimapenzi ya kawaida na kurudi kwenye uchumba wenye lengo la ndoa. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja. Vijana wengi walipata humo nguvu ya kusubiri. Wengine wengi walipata mzigo. Walifundishwa kwamba aliyeanguka ni kama ua lililochanika, na kwamba anayetii kanuni zote anamdai Mungu ndoa tamu.

Mwaka 2018, Harris mwenyewe aliwaomba radhi wasomaji na kutaka kitabu chake kisiendelee kuchapishwa. Mwaka 2019 alitangaza kwamba ndoa yake imefikia mwisho na kwamba hajioni tena kuwa Mkristo. Simtaji ili tumcheke. Yeye ni ndugu wa kuombewa, na katika kuomba radhi alikuwa mkweli kuliko wengi wetu. Namtaja kwa sababu historia yake inatufundisha jambo: kanuni zikipandwa bila neema, huota miiba. Usafi si bima ya kununulia ndoa isiyo na matatizo. Mungu si muuza duka ambaye ukimletea ujana wako umefungwa vizuri anakupa mume au mke asiye na kasoro.

Kanisa linafundisha nini basi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka jambo hili mahali pazuri. Inasema kwamba fadhila ya usafi wa moyo ni kuunganisha vema jinsia ndani ya nafsi ya mtu, mwili na roho viwe kitu kimoja (namba 2337). Inakiri kwamba kujitawala ni kazi ndefu, na hakuna anayeweza kusema ameshaimaliza mara moja kwa siku zote (namba 2342). Inawaita wachumba kuishi katika kujizuia, na kuuona muda huo kama nafasi ya kugundua heshima, kujifunza uaminifu na kumpokea mwenzako kama zawadi kutoka kwa Mungu (namba 2350). Tena inasema kwamba upendo ndio unaozipa fadhila zote sura yake, na usafi wa moyo ukiongozwa na upendo huwa shule ya kujitoa (namba 2346). Shule ina walimu, ina masomo, ina mitihani. Ina pia wanaorudia darasa bila kufukuzwa.

Karol Wojtyła, ambaye baadaye tulimjua kama Papa Yohane Paulo II, alichapisha huko Poland mwaka 1960 kitabu kuhusu upendo na uwajibikaji. Hoja yake kubwa ni rahisi kuielewa hata kwa aliyeishia darasa la saba: kinyume cha kupenda ni kumtumia mtu. Mtu si chombo. Sasa tumia kipimo hicho kwenye filamu zetu mbili. Tajiri wa Fifty Shades of Grey anamtumia msichana kwa ajili ya tamaa yake. Hilo linaonekana wazi. Lakini je, Clay wa mwanzo hamtumii Amber kwa namna nyingine? Anamtumia kama mtihani wa kujithibitishia kwamba amebadilika. Ni yeye aliyeziandika kanuni zote. Amber hakuulizwa. Mwanamume anaweza asimguse mchumba wake hata kidole na bado akamtawala. Wazazi wenye mabinti, msidanganyike na kijana kwa sababu tu habebi kondomu mfukoni. Tazameni pia kama anamsikiliza binti yenu anaposema hapana, na kama anaweza kukosolewa bila kununa.

Ndipo tunamfikia shangazi Zella. Yeye ndiye anayemwona Clay alivyo. Anamkemea kwa upendo kwamba wema wake umekuwa ukuta wa kujificha, na kwamba anajiona hastahili kusamehewa huku akiliita jambo hilo uchaji. Kila ukoo unahitaji shangazi wa namna hii. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya shangazi na bibi, watu walioweza kumwambia kijana ukweli ambao baba na mama walishindwa kuusema. Siku hizi shangazi tunampigia simu siku ya kuchanga harusi.

Maneno ya shangazi huyu ndiyo ninayotaka yakufikie wewe uliyekwisha kuanguka. Wako watu wanaokuja kanisani kila Jumapili, wanakaa viti vya nyuma, na wanapohubiriwa usafi wanainamisha vichwa. Wanajiambia, "Hayo ni ya wengine. Mimi meli ilishang'oa nanga." Mwingine ana mtoto aliyempata shuleni. Mwingine aliishi na mtu miaka minne akaachwa. Mwingine anasumbuliwa na picha chafu kwenye simu na anaona haya kuungama kwa mara ya ishirini. Ndugu yangu, usafi wa moyo si kitu ulichopoteza ukakiacha nyuma barabarani. Ni njia iliyo mbele ya miguu yako leo. Mwenye duka la vitu vya kale anajua kwamba kiti kilichokwaruzwa hakitupwi. Kinapigwa msasa, kinapakwa mafuta, na kinawekwa sebuleni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi aliambiwa na Bwana mambo mawili kwa pamoja: kwamba hahukumiwi, na kwamba asitende dhambi tena (Yn 8:11). Ukichukua la kwanza ukaacha la pili, unakuwa mzembe. Ukichukua la pili ukaacha la kwanza, unakuwa Clay.

Hapa lakini filamu inaacha deni, na kama padre sina budi kulitaja. Tunayaona machozi ya Clay. Hatuwaoni vya kutosha wasichana aliowadhalilisha. Wao wanabaki kama vivuli vya kumfanya yeye ahuzunike. Katika sakramenti ya Kitubio tunafundishwa kwamba baada ya kuungama yako malipizi. Aliyeiba arudishe. Aliyemchafulia mwenzake jina amsafishe. Na aliyemharibia msichana maisha, je? Aliyesambaza picha zake? Aliyemkimbia akiwa na mimba, na leo ni kiongozi wa vijana parokiani mwenye mchumba mpya na suti mpya? Kuanza upya na Amber hakufuti anachodaiwa na wale wa kwanza. Zakayo hakusema tu kwamba amebadilika. Alitaja kiwango, mara nne (Lk 19:8). Toba isiyomfikia aliyeumizwa ni toba ya nusu njia. Mtoto wako uliyemzaa nje anahitaji ada, si ushuhuda wako.

Deni la pili ni kwamba safari ya Clay na Amber ni kwa sehemu kubwa safari ya watu wawili na kitabu. Kwa Mwafrika hilo linashangaza. Kwetu uchumba ulikuwa na mshenga, posa, wazazi wa pande mbili, na majirani wenye macho. Kanisa nalo linakumbuka hekima hiyo. Mwaka 2022, ofisi ya Vatikano inayohusika na walei, familia na uhai ilitoa mwongozo unaotaka maandalizi ya ndoa yafanane na safari ya ukatekumeni, hatua kwa hatua, wachumba wakisindikizwa na jumuiya na hasa na wanandoa wenye uzoefu. Mwongozo huo haukuogopa kuwakumbusha wachumba thamani ya kusubiri. Kusubiri peke yako ni adhabu. Kusubiri pamoja na wanaokupenda ni Majilio.

Hapo naomba niwageukie wakubwa wenzangu, wazazi na viongozi wa jumuiya. Tunawaambia vijana wasubiri, huku sisi wenyewe tunairefusha foleni. Kijana wa miaka 28 ana kazi ndogo na mchumba anayempenda. Anakwenda kwa wazazi wa binti, anatajiwa mahari kama bei ya kiwanja. Akimaliza hilo, anakutana na kamati ya harusi: ukumbi, keki, magari, sare za wasimamizi, mpiga picha. Anahesabu, anaona ni miaka mitano. Mwishowe wanahamia chumba kimoja kimyakimya, wanazaa, na tunawanyima Komunyo. Tumefunga mlango wa mbele, kisha tunawalaumu kwa kupitia dirishani. Dhambi ni yao, sikatai. Lakini mlango tuliufunga sisi. Ndoa takatifu inahitaji mume, mke, ridhaa ya kweli, shahidi wa Kanisa na mashahidi wengine wawili. Keki haimo. Mzazi anayepunguza mahari ili binti yake aolewe kanisani amehubiri usafi wa moyo kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima.

Filamu inaishia pale wapenzi wanapofikia uamuzi wa kufunga ndoa. Filamu nyingi za mapenzi huishia hapo, kama vile arusi ni kituo cha mwisho cha basi. Katika imani yetu hapo ndipo safari inapoanza, na usafi wa moyo hauachwi mlangoni pa kanisa pamoja na viatu vya kukodi. Wabatizwa wote wameitwa kuuishi, kila mmoja kwa hali yake: mseja, mjane, padre, mtawa na wanandoa. Mume anayemlazimisha mke wake aliyechoka au mgonjwa, akisema "nilikutolea mahari", hana usafi wa moyo hata kama hajawahi kutoka nje ya ndoa. Tobia na Sara, usiku wa arusi yao, waliinuka kwanza wakasali, na Tobia akamweleza Mungu kwamba hamchukui mwanamke huyu kwa tamaa bali kwa nia ya kweli (Tob 8:4-8). Sara alikuwa amezika waume saba. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa, na Tobia pia. Hawakujenga ukuta kati yao. Walipiga magoti pamoja.

Kama utaitazama Old Fashioned, usiitazame peke yako. Itazame na mchumba wako, au na binti yako, au katika jumuiya ya vijana, na mkimaliza msiulizane kama waigizaji walikuwa wazuri. Ulizaneni maswali haya. Kanuni tulizojiwekea, tumeziweka pamoja? Zinamlinda nani? Je, kuna mtu ninayemdai radhi au matunzo kabla sijamwambia mwingine "nakupenda"? Na wewe uliye mzazi, jiulize mahari unayotaka kutaja itamsaidia mwanao kusubiri au itamfundisha kuruka ukuta.

Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19). Hekalu lina kuta, ndiyo. Lina pia mlango, lina taa inayowaka ndani, na limejengwa ili anayeingia kwa heshima amkute Mungu. Kijana, linda hekalu lako. Lakini usilifunge kwa hofu mpaka hata Mwenye nyumba akabaki nje.